Kufuzu Kuwa Mtaalamu wa Usemi na Lugha Katika Shule za Umma za Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Msimu wa kuomba vyuo ukifika, simu yangu hailali. Anayepiga ni mama anayetaka binti yake asome kazi hii, au mwalimu wa chekechea aliyechoka kuwa msaidizi, au kijana aliyehamia Marekani na shahada yake mkononi asijue aanzie wapi. Maswali ni yaleyale, na wengi hufika wakiwa wameshapoteza muda au pesa kwa kuambiwa nusu ya habari. Nimeyapanga hapa kuanzia ya msingi. Kama unajua kazi yenyewe, ruka hadi sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Mtaalamu wa usemi na lugha hufanya nini hasa shuleni?

Watoto humwita "mwalimu wa spichi", na watu wazima hudhani kazi yake ni kurekebisha herufi R. Hiyo ni sehemu ndogo tu. Anahudumia watoto wenye kigugumizi, wasioelewa maelekezo ya darasani, wasioweza kupanga habari ikaeleweka, na wasiosema kabisa ambao huzungumza kwa kugusa picha kwenye kifaa cha kuongea. Katika baadhi ya shule anahudumia hata wenye shida ya kutafuna na kumeza.

Chukua asubuhi yangu moja. Saa mbili na nusu nina watoto watatu wa darasa la pili, kila mmoja na kioo chake kidogo, wanatazama ncha ya ulimi isichomoze wanapotamka S. Wakitoka, anaingia mvulana wa miaka sita asiyetamka neno. Nampulizia povu la sabuni, nafunga chupa, nanyamaza. Nasubiri. Sekunde kumi na tano za kimya ni ndefu mno kwa mtu mzima. Kisha kidole chake kinatambaa juu ya skrini, kinasita, kinagusa picha moja, na kifaa kinasema "tena". Nikimfungulia chupa haraka, namnyima neno lake.

Baada ya hapo ni karatasi: tathmini, vikao na wazazi, ripoti. Anayekuambia kazi hii haina karatasi nyingi hajawahi kuifanya.

Huyu ni mwalimu au mhudumu wa afya?

Ni vyote viwili, na utata wote unaofuata hapa chini unatokana na jibu hilo. Bodi ya leseni ya jimbo inamwona kama mhudumu wa afya. Idara ya elimu inamwona kama mtumishi wa shule. Sheria ya nchi nzima iitwayo IDEA, iliyoanza mwaka 1975 kwa jina jingine na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2004, inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya elimu inayomfaa bila malipo, kuanzia miaka 3 hadi 21. Ulemavu wa usemi au lugha ni mojawapo ya aina 13 zinazotajwa katika kanuni zake. Kwa hiyo huduma yako shuleni haitolewi kwa hisani. Imeandikwa katika mpango rasmi wa mtoto, IEP, na shule isipoutekeleza mzazi anaweza kuishtaki.

Nahitaji shahada gani?

Kama lengo lako ni kufuzu kikamilifu, panga kusoma shahada ya uzamili. Shahada ya kwanza peke yake, hata ikiwa ya fani hiihii, katika majimbo mengi inakufikisha kwenye usaidizi tu (tazama swali la wasaidizi katika sehemu ya nne).

Kabla hujalipa hata senti, hakikisha programu ya uzamili imeidhinishwa na CAA, baraza linalokagua programu za fani hii na ya usikivu. Chuo kinaweza kuwa maarufu na kina ithibati ya kawaida, lakini programu yenyewe isiwe na idhini ya CAA. Usiridhike na maneno ya afisa wa udahili. Tafuta jina la programu kwenye orodha ya CAA mwenyewe.

Shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu, saikolojia au isimu. Nimekosa nafasi?

Hujakosa. Wengi huingia kwa mlango huo. Utatakiwa kusoma kwanza masomo ya msingi ya fani: anatomia ya viungo vya usemi, fonetiki, ukuaji wa lugha kwa mtoto, na utangulizi wa usikivu. Kila chuo kina orodha yake, na mengi yanasomeka kwa mtandao. Pamoja na hayo, cheti cha ASHA, chama cha taifa cha wataalamu hawa, kinadai uwe umesoma baiolojia, takwimu, sayansi ya jamii, na fizikia au kemia. Watu hulisahau somo la fizikia au kemia mpaka mwisho kabisa, halafu linawachelewesha muhula mzima.

Waliosoma isimu wana akiba kubwa hapa. Aliyewahi kuchambua ngeli na silabi hahangaiki sana na fonetiki.

Uzamili wa mtandaoni unakubalika?

Unakubalika ikiwa programu ina idhini ya CAA. Mazoezi ya kuhudumia watu utayafanya katika shule na kliniki, kwa hiyo uliza mapema nani atakutafutia nafasi hizo, chuo au wewe mwenyewe.

## Leseni, vyeti na mitihani

Nani hasa ananipa ruhusa ya kufanya kazi shuleni?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo soma polepole. Kuna milango mitatu, na kila mmoja una funguo zake.

Mlango wa kwanza ni bodi ya leseni ya jimbo. Wa pili ni idara au tume ya elimu ya jimbo, inayotoa cheti cha kufanya kazi shuleni. Wa tatu ni ASHA, chama cha taifa cha wataalamu hawa kilichoanzishwa mwaka 1925, kinachotoa cheti kiitwacho CCC-SLP. Wawili wa kwanza ni mamlaka za serikali. ASHA si serikali, na cheti chake peke yake hakikupi ruhusa ya kisheria kumgusa mtoto yeyote.

Milango ipi unayohitaji inategemea jimbo. California wana tume ya vyeti vya walimu inayotoa cheti maalumu cha huduma za usemi na lugha shuleni, na bodi ya leseni iko kando. New York shule hudai cheti cha idara ya elimu kinachojulikana kama TSSLD. Texas leseni ya TDLR, idara ya leseni ya jimbo, ndiyo inayotazamwa. Rafiki yako wa Texas akikuambia "mimi sikudaiwa kitu hicho", anasema kweli, ila ni kweli ya Texas.

Ushauri wangu haujawahi kubadilika: chagua jimbo kwanza, kisha fungua tovuti za bodi ya leseni na ya idara ya elimu, na uchapishe mahitaji ya zote mbili. Uyaweke mezani kabla hujachagua chuo.

Kama CCC si ruhusa ya serikali, kwa nini wote wanaihangaikia?

Kuna sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni kwamba cheti hicho kinatambulika kila jimbo, kwa hiyo ukihama kinakufupishia njia ya kupata leseni.

Ya pili ni pesa, na wachache huelezwa hilo. Tangu mwaka 1988 sheria inaruhusu Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kulipia huduma zilizomo katika IEP ya mtoto anayestahili. Kanuni za Medicaid zinataka huduma ya usemi itolewe na mwenye CCC au aliyetimiza masomo na uzoefu unaolingana nayo, au chini ya uongozi wake. Wilaya ikikuajiri ukiwa na sifa hizo, inaweza kudai malipo hayo. Ndiyo maana baadhi ya wilaya huwaongezea mshahara wenye CCC au kuwalipia ada ya mwaka. Uliza hilo kwenye usaili bila aibu.

Saa 400 za mazoezi ni zipi?

Ni saa ambazo ASHA inazidai kabla ya kuhitimu: 25 za kutazama mtaalamu akifanya kazi, na 375 za kuhudumia watu wewe mwenyewe ukisimamiwa. Kati ya zote 400, angalau 325 ziwe za wakati wa uzamili. Ziandike siku hiyohiyo na msimamizi azithibitishe. Msimamizi akishahama, kumfuatilia kwa sahihi ni mateso.

Mtihani wa Praxis ukoje?

Ni mtihani wa taifa wa kufuzu katika fani hii, namba 5331, wa maswali ya kuchagua, na alama ya kupita kwa ASHA ni 162 katika kipimo cha 100 hadi 200. Unashughulikia misingi ya fani, upimaji, na matibabu, kwa watu wa rika zote. Anayelenga shule asidhani ataulizwa watoto tu. Maswali ya kiharusi na kumeza yamo. Wengi huufanya karibu na kuhitimu, na naona ndio wakati mzuri, kichwa kikiwa bado na moto. Unapojiandikisha, taja ASHA na mamlaka za jimbo lako ili matokeo yatumwe kote.

Mwaka wa uanagenzi baada ya kuhitimu unahesabiwaje?

ASHA inadai angalau wiki 36 na saa 1,260, ambayo ni sawa na saa 35 kwa wiki. Ukifanya nusu siku, wiki zinaongezeka. Na wiki yenye saa chini ya 5 haihesabiwi kabisa. Mwaka wa masomo wa shule nyingi unaenea vizuri katika wiki hizo, lakini hesabu likizo zako: aliyeanza Oktoba mara nyingi hamalizi Juni.

Unakuwa na mlezi, yaani msimamizi wako wa kikazi, mwenye CCC hai, aliyefanya kazi angalau miezi 9 baada ya kupata cheti na kusoma saa 2 za mafunzo ya usimamizi. Atakutazama ukiwa kazini na watoto kwa angalau saa 18 katika kipindi chote, mbali na saa nyingine 18 za kupitia ripoti na mipango yako. Unalipwa mshahara wakati wote huo. Huu si mwaka wa kujitolea.

Kuna jambo linaloniuma hapa. Dada mmoja ninayemfahamu alifanya kazi miezi minne katika wilaya fulani chini ya mlezi ambaye cheti chake kilikuwa kimekwisha muda. Hakuna aliyeangalia. Miezi minne ile haikuhesabiwa, ikabidi aanze upya na mlezi mwingine. Tovuti ya ASHA inakuruhusu kuthibitisha cheti cha mtu yeyote kwa dakika moja. Kithibitishe kabla ya siku ya kwanza, kisha tena mwezi Januari, maana vyeti hufikia kikomo Desemba 31.

Majimbo mengi pia yanakutaka uwe na leseni ya muda kabla ya kuanza. Usimhudumie mtoto ukiisubiri.

Wilaya ina uhaba mkubwa. Wanaweza kuniajiri kwa dharura kabla sijatimiza masharti?

Kanuni za IDEA zinasema watoa huduma kama hizi hawapaswi kusamehewa masharti ya leseni au cheti kwa misingi ya dharura au ya muda. Leseni ya uanagenzi ni kitu kingine: hiyo ni hatua halali iliyowekwa na jimbo, na unasimamiwa. Lakini mkuu wa shule akikuambia "anza tu, karatasi zitafuata", muulize ni sheria ipi inayomruhusu, na akujibu kwa maandishi. Jina litakaloandikwa chini ya ripoti ni lako.

## Waliosoma nje na wenye lugha zaidi ya moja

Nilifuzu nje ya Marekani. Nianze upya?

Si lazima. Transkripti yako itathminiwe kwanza na shirika linalokubalika, kuonyesha kwamba masomo yako yanalingana na uzamili wa Marekani. Kisha ASHA hulinganisha masomo na saa zako na viwango vyake, na kukuambia kilichopungua. Waliofuzu kwa shahada ya kwanza tu, kama ilivyo katika nchi nyingi, hukwama hapa. Wengi wao huishia kusoma uzamili, ingawa baadhi ya masomo husamehewa.

ASHA ina makubaliano ya kutambuana na vyama vya Uingereza, Kanada, Australia, Ireland na New Zealand. Mwanachama aliyethibitishwa na chama kimojawapo ana njia fupi zaidi ya kupata CCC. Makubaliano hayo hayagusi leseni ya jimbo wala viza.

Je, viza ina masharti yake?

Ndiyo. Anayeingia Marekani kwa viza ya kazi kufanya kazi hii anahitaji hati maalumu ya wahudumu wa afya kutoka nje, inayothibitisha masomo, leseni na Kiingereza chake. Wengi hudhani hati hiyo ni ya wauguzi tu, halafu wanashtukia ubalozini. Aliyeingia kwa njia nyingine, kwa mfano ya familia au ukimbizi, hadaiwi hati hiyo.

Nina lafudhi. Nitakataliwa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami hulijibu kwa sauti kubwa: lafudhi si sababu ya kukunyima masomo wala kazi. ASHA iliandika msimamo wake kuhusu jambo hili mwaka 1998. Kinachotakiwa ni uweze kupima na kutibu ipasavyo, na uweze kumwonyesha mtoto sauti unayomfundisha. Kama kuna sauti ya Kiingereza inayokusumbua, jifunze kuitamka kwa mfano safi, au tumia rekodi. Mimi nilifanya mazoezi ya R ya Kimarekani kwa wiki nyingi mbele ya kioo, na sasa nawaelewa vizuri watoto wanaohangaika nayo.

Kiswahili changu kina faida yoyote?

Kina faida kuliko unavyodhani. IDEA inataka mtoto apimwe kwa lugha na kwa namna itakayoonyesha kweli anachokijua, kila inapowezekana, na inakataza kumhesabu mwenye ulemavu kwa sababu tu hajajua Kiingereza. Lakini asiyejua Kiswahili hawezi kutofautisha kwa urahisi kati ya kosa la mgeni wa lugha na dalili ya tatizo.

Mfano wa kwanza. Msichana wa miaka saba amehamia kutoka Kigoma, na ripoti ya mwalimu inasema anachanganya "he" na "she" kila mara. Mtu anaweza kuliita hilo tatizo la lugha. Wewe unajua kwamba kwa Kiswahili baba *amekuja* na mama *amekuja*, na "yeye" hamwulizi mtu jinsia. Mtoto huyu anaweka kanuni ya kwao mahali pageni. Vivyo hivyo anayesema "sikuli" kwa "school": anachomeka vokali ili kutenganisha konsonanti.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mvulana wa miaka sita, Kiswahili ndiyo lugha pekee ya nyumbani. Namwonyesha kiti kilichovunjika, ananiambia "kiti ivunjika". Namwonyesha viti viwili, "kiti ivunjika" tena. Kabla ya kuandika lolote namwuliza mama: ninyi nyumbani husemaje? Maana kuna Kiswahili cha mahali ambapo upatanisho wa ngeli ni legevu, na hilo si ugonjwa. Mama akanijibu, "Mdogo wake wa miaka minne anasema kimevunjika, mwalimu. Huyu ndiye ananitia wasiwasi." Hapo sasa kuna jambo la kuchunguza.

Tahadhari mbili. Usitafsiri mtihani sanifu wa Kiingereza halafu ukahesabu alama. Zikishatafsiriwa hazina maana tena. Na ukitaka kujitangaza kuwa mtoa huduma wa lugha mbili, uwe na umilisi wa mzawa au unaokaribia, na uzingatie masharti ya jimbo. New York, kwa mfano, wana nyongeza maalumu ya lugha mbili juu ya cheti cha TSSLD.

## Hali za pembeni

Naweza kuanza kama msaidizi?

Katika majimbo mengi, ndiyo. Baadhi hudai shahada ya kwanza, kama Texas; California hukubali hata shahada ya miaka miwili ya fani hiyo. Msaidizi hutekeleza mazoezi yaliyopangwa na mtaalamu. Hafanyi uchunguzi, hatoi uamuzi wa nani anastahili huduma, wala haandiki malengo ya IEP peke yake. Ni njia nzuri ya kuonja kazi kabla ya kukopa pesa za uzamili, ila usitarajie saa zake zikupunguzie uanagenzi.

Nikihama jimbo?

Leseni haihami nawe moja kwa moja. Majimbo zaidi ya 30 yamejiunga na mkataba wa leseni kati ya majimbo unaowahusu wataalamu hawa na wa usikivu, lakini mkataba huo unahusu leseni tu. Cheti cha idara ya elimu, mahali kinapodaiwa, utakiomba upya. Rudi kwenye swali la milango mitatu.

Nitahudumia watoto wangapi?

Hakuna kikomo cha taifa. California sheria inaweka wastani wa 55 kwa mtaalamu mmoja, na 40 kwa wanaohudumia wa miaka 3 hadi 5 pekee. Majimbo mengine hayana namba yoyote. Kwenye usaili uliza idadi ya watoto, idadi ya majengo, na kama una chumba. Nimewahi kufanya tiba kwenye ngazi, mtoto mwenye kigugumizi akinyamaza kila mtu anapopita. Hilo ni swali la kweli, liulize.

Kazi ya wakala au ya wilaya yenyewe, ipi bora?

Wakala mara nyingi hulipa zaidi kwa saa. Lakini kama una mkopo wa masomo wa serikali na unategemea msamaha wa PSLF, unaofika baada ya malipo 120 ukiwa mwajiriwa wa umma, tazama nani anakulipa mshahara. Ukilipwa na kampuni binafsi ya faida, miaka yako ndani ya shule ya umma kwa kawaida haihesabiwi. Kwa aliye katika mwaka wa uanagenzi napendekeza wilaya, kwa sababu mlezi yuko karibu.

Nilipita Praxis miaka mingi iliyopita, nikahitimu, ila sikuwahi kuomba cheti. Bado inafaa?

ASHA hupokea matokeo yasiyozidi miaka 5 tangu siku ya mtihani. Yakishapita hapo, utaufanya tena. Kama umebakiwa na miezi, tuma ombi la cheti sasa: unaruhusiwa kuliwasilisha ukishahitimu, kabla hata ya kumaliza uanagenzi.